Kijana Aliyefungwa Sita

Sisi mashabiki tuna haraka. Kijana akiboronga mechi moja Jumapili, Jumatatu vijiweni tumeshamzika. Ndiyo maana leo nawaletea habari za beki wa Italia, Renzo De Vecchi.

Alizaliwa Milan mwaka 1894. Alipokuwa na miaka 15 aliingia timu ya wakubwa ya Milan, na mashabiki wakambatiza "Mwana wa Mungu". Jina zito kwa mtoto! Mei 26, 1910, akiwa na miaka 16, alivaa jezi ya taifa mjini Budapest. Hiyo ilikuwa mechi ya pili tu katika historia ya Italia. Hungaria ikawatandika mabao 6-1.

Beki wa miaka 16, mabao sita! Kwetu, nadhani, asingeitwa tena. Waitalia walimwita. Akacheza Olimpiki za 1912, 1920 na 1924, akawa nahodha, na alipoiaga timu ya taifa mwaka 1925 alikuwa amefikisha mechi 43.

Mwaka 1913 Genoa ilimchukua kwa lira 24,000, na kwa kuwa mchezaji hakuruhusiwa kulipwa mshahara wa mpira, akapewa kazi benki. Akiwa na Genoa alitwaa ubingwa wa 1915, msimu uliokatizwa na vita, kisha wa 1923 na 1924.

Wangemtupa baada ya Budapest, wangekuwa wamemtupa nahodha wao. Je, sisi tumeshawatupa wangapi?