KENYA: NANI MWENYEJI WA MOMBASA?



Askari aliyewahi kusimama katika kizuizi cha barabara anajua kwamba baada ya kumwuliza mpita njia jina lake, humwuliza kama yeye ni mwenyeji wa mahali hapo. Swali hili ni fupi, na jibu lake hudhaniwa kuwa jepesi. Lakini katika mji wa Mombasa, kwa jirani zetu wa Kenya, neno hilo moja limepata kuamua kodi ya mtu, heshima yake, na hatimaye hata uhai wake.

Mwenyeji ni mwenye mji. Kwa watu wa kale wa Mombasa mji haukuwa nyumba na vichochoro tu. Mji ulikuwa watu. Wazee waliojiita wenye mji walikuwa wa makundi kumi na mawili, yaani Thenashara Taifa. Makundi hayo yaligawanyika pande mbili. Upande mmoja ni Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Upande wa pili ni Tisa Taifa, nao ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Washaka, Wapate, Wafaza, Wagunya na Wakatwa. Kila upande ulikuwa na mkuu wake aliyeitwa Tamimu. Wareno waliojenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, Wamazrui waliotawala baada yao, na Sayyid Said aliyeutwaa mji mwaka 1837, wote ilibidi wawasikilize wakuu hao.

Sasa tuyatazame majina yenyewe. Wapate ni watu wa Pate. Wafaza ni watu wa Faza. Wakilifi, Wamtwapa, Wajomvu na Wachangamwe vilevile wanachukua majina ya Kilifi, Mtwapa, Jomvu na Changamwe, mahali ambapo pote pako nje ya kisiwa. Wamvita ndio wenye jina la kisiwa chenyewe. Kwa hiyo wenyeji wakongwe kabisa wa mji ule, watu ambao hakuna aliyethubutu kuwaita wageni, walijulikana kwa majina ya mahali walikotoka. Hawakuona haya kwa jambo hilo. Kutoka mahali pengine hakukumzuia mtu kuwa mwenye mji, mradi alikuwa na kundi la kumpokea.

Hata hivyo, tusiupambe mno mji huo wa zamani. Wenye mji walijiita waungwana, na walikuwa na maneno mengine kwa ajili ya wengine. Mtumwa aliyezaliwa pale pale mjini aliitwa mzalia, na kuzaliwa huko hakukumfanya muungwana. Majirani wa bara ya karibu waliitwa Wanyika, maana yake watu wa porini, ijapokuwa wao ndio walioulisha mji kwa nafaka na kuupelekea watu wa kuulinda wakati wa vita. Watu hao hawakulipenda jina lile. Katika miaka ya 1940 walieneza jina lao wenyewe, Mijikenda, yaani miji tisa. Waliokuwa wakiitwa watu wa nyika wakajibu kwamba wao pia ni wenye miji, tena tisa!

Kisha akaja Mwingereza. Baada ya utawala wake kutangazwa mwaka 1895, sheria iliwagawa watu katika mafungu mawili: wenyeji wa Afrika, na wasiokuwa wenyeji. Mwenyeji alitozwa kodi ya namna yake, akafungwa na sheria za namna yake, na kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915 akavishwa kipande shingoni. Hapo neno likageuzwa kichwa chini miguu juu. Wazee wa Thenashara Taifa, ambao baba zao walijivunia uenyeji, walilazimika kuandika malalamiko kwa serikali ili wasihesabiwe kuwa wenyeji, bali wawekwe pamoja na Waarabu. Msiharakishe kuwacheka. Mkoloni aliufanya uenyeji kuwa adhabu, na mtu hukimbia adhabu.

Wakati huo huo reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896, pamoja na bandari ya Kilindini, ilivuta maelfu ya vibarua kutoka bara. Wao ndio waliopakia na kupakua meli, na wao walikuwamo katika mgomo mkuu wa Januari 1947. Wengi walifia Mombasa, na watoto wao walizaliwa Mombasa. Lakini mji ambao zamani uliwageuza Wapate na Wafaza kuwa wenye mji haukuwa tena na kundi la kuwapokea hawa. Waliitwa Wabara, na Wabara wakabaki. Mwaka 1963, mwambao ulipounganishwa na Kenya huru, wote wakawa raia mbele ya sheria. Vinywani mwa watu maneno ya zamani yaliendelea.

Madhara yake yalionekana usiku wa tarehe 13 Agosti, 1997. Kundi la washambuliaji lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, ng'ambo ya kivuko, likawaua askari polisi na kupora bunduki. Kutoka hapo liliwageukia Wabara, likachoma nyumba na vibanda vya biashara. Wanasiasa walikuwa na mkono wao katika jambo lile, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa karibu na kura za Wabara zilihesabika. Lakini mwanasiasa hakulitunga neno. Alilikuta tayari, akalitumia. Katika majuma yaliyofuata watu wapatao mia moja waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakayahama makazi yao. Wengi walikimbilia katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Miongoni mwao walikuwamo watu waliozaliwa pale pale Likoni, na ambao, walipoambiwa warudi kwao, hawakuwa na kwao kwingine.