Watunzi wa Michezo na Maafa ya Japani

Pengine wewe, msomaji, umecheza michezo ya video usiulize ni nani aliyetunga muziki wake. Tarehe 11 Machi 2011 Japani ilitikiswa na tetemeko kubwa, kisha tsunami ikaifagia pwani ya Tohoku. Watu zaidi ya 15,000 wakafa. Akira Yamaoka alikuwa amepata sifa kwa kutunga sauti za kutisha za mchezo uitwao Silent Hill. Hofu ya mchezo huzimwa kwa kidole, hii haikuzimika. Basi akawaita watunzi wenziwe, na Nobuo Uematsu wa Final Fantasy akiwamo. Tungo zao zikakusanywa katika albamu moja, Play for Japan, iliyotoka mwaka uo huo, na mapato yake yakatolewa kwa Msalaba Mwekundu wa Japani.