Mkuku wa Jahazi na Boti la Mashine

Vijana wetu waliozaliwa huku London wanajua boti, lakini neno mkuku limewapotea. Kwa ajili yao naandika.

Mkuku ni ule mti mrefu wa chini, uti wa mgongo wa chombo. Huo hulazwa mwanzo, kisha hufuata mataruma na mbao. Chombo cha tanga mara nyingi hupata upepo wa ubavuni. Bila ya mkuku kingekwenda upande kama kaa, na bila ya farumi kingepinduka.

Nendeni Greenwich mkaitazame Cutty Sark ya mwaka 1869. Iliungua mwaka 2007, na tangu 2012 imeinuliwa, mtu hupita chini ya tumbo lake. Ni jembamba ajabu, na lilizama majini zaidi ya futi 20. Mwaka ule ule ulifunguliwa Mfereji wa Suez, meli za moshi zikainyang'anya biashara ya chai.

Jahazi letu haliwezi kina hicho, kwani maji yakipwa hulazwa pwani. Mkuku wake ni mrefu, si wa kina; uzito wa farumi na shehena ndio hulisimamisha. Wazee wetu waliotoka Unguja kwa jahazi mwaka 1964 walivuka juu ya farumi hiyo.

Ama boti la mashine husukumwa kwa nyuma. La mbio hufanywa bapa tezini, lipate kupanda juu ya maji. Mashine ikizimika, huchukuliwa ovyo, na hata ukilitweka tanga litakwenda upande. Majahazi ya Lamu yaliyotiwa mashine hayakuuacha mkuku wao.