Kuasili mbwa chotara mpole: Mambo ya kuzingatia

WATU wengi wanaotafuta mbwa nchini Kenya huwa na sharti moja tu: awe mkali. Mbwa anayemtikisia mgeni mkia huonekana hana kazi, na akiwa chotara asiyejulikana ukoo wake hudharauliwa zaidi na kuitwa mbwa koko. Ndiyo sababu vituo vya kuokoa wanyama hubaki na mbwa wapole, wenye afya na waliokwisha kuchanjwa, huku wanunuzi wakilipa fedha nyingi kupata watoto wa mbwa wa asili ya kigeni.

Kumwasili mbwa ni kumchukua kutoka kituo cha aina hiyo na kukubali kumtunza maisha yake yote. Nchini, shirika kongwe zaidi linalojulikana kwa kazi hii ni KSPCA, lenye kituo chake kikuu mtaani Karen, Nairobi, na ambalo historia yake inaanzia mwaka wa 1910. Hupokea wanyama waliotupwa, waliojeruhiwa au walioteswa, kuwatibu na kuwatafutia makao mapya.

Chotara ni mbwa wa namna gani?

Chotara ni mbwa aliyezaliwa na wazazi wa aina tofauti, au na wazazi ambao wenyewe walikuwa chotara. Mbwa wa aina moja safi hupatikana kwa kuzalisha wanyama wa ukoo mmoja kwa vizazi vingi, jambo ambalo hukusanya pia kasoro za kurithi. German Shepherd, kwa mfano, hujulikana kwa matatizo ya nyonga. Chotara naye huugua, ila kwa kuwa damu yake imechanganyika, uwezekano wa kurithi kasoro ileile kutoka kwa baba na mama hupungua.

Upole si woga

Anayekwenda kuchagua mbwa hana budi kutofautisha mambo haya mawili. Mbwa mpole husogea mwenyewe, mwili wake ukiwa umelegea, na hukubali kuguswa shingoni na mgongoni bila kukakamaa. Mbwa mwoga hujikunyata, huficha mkia katikati ya miguu, hulamba midomo mara kwa mara, hupiga miayo ilhali hana usingizi na hugeuza uso. Huyu wa pili anaweza kubadilika akipewa muda, lakini akibanwa pembeni huuma kwa kujihami. Nyumba yenye watoto wadogo haimfai.

Kwa hivyo ni vyema kukitembelea kituo zaidi ya mara moja, na watoto wa nyumbani wawepo. Aidha, wahudumu waulizwe mbwa huyo aliokotwa wapi, anaishi vipi na mbwa wenzake, na hufanya nini mtu anapokaribia sahani yake ya chakula.

Masharti ya kituo

Kituo makini hakimkabidhi mtu mbwa mara anapobisha hodi. Mwombaji hujaza fomu, na boma lake huweza kukaguliwa ili kubaini kama lina ua na lango, na kama anayepanga ameruhusiwa na mwenye nyumba. Majirani nao wafikiriwe. Waislamu wengi, kwa mfano, huepuka kuguswa na mate ya mbwa kwa sababu ya twahara, na mbwa anayezurura uani mwao huleta ugomvi.

Ada inayolipwa husaidia kugharimia chanjo na upasuaji wa kuhasi au kufunga uzazi. Upasuaji huo una maana kubwa, kwani mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 tu, na watoto wasiotakikana ndio wanaoishia kwenye majaa ya taka.

Kichaa cha mbwa

Hakuna jambo linalohitaji uangalifu zaidi kuliko ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Mnamo 2014, Kenya ilizindua mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo yake kuu.

Mbwa huchanjwa anapotimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Anayemwasili mbwa adai cheti cha chanjo na kukihifadhi. Iwapo mtu ataumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitalini. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huu karibu hauna tiba.

Siku za kwanza nyumbani

Mbwa mgeni huweza kukataa chakula au kujificha kwa siku kadhaa. Apewe pahali pakavu pa kulala, maji safi na jina moja linalotumiwa na jamaa wote. Ugali uliochanganywa na dagaa au nyama humfaa, lakini vitunguu, chokoleti, zabibu na mifupa ya kuku iliyopikwa vyaweza kumdhuru vibaya. Apewe dawa ya minyoo kulingana na ushauri wa daktari wa mifugo, kwani baadhi ya minyoo ya mbwa huwaambukiza watu. Mfano ni ule unaosababisha uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu, maradhi yaliyowasumbua sana wafugaji wa Turkana.

Je, mbwa mpole atalinda boma? Kazi kubwa ya mbwa usiku ni kubweka na kuwaamsha wenyeji, na hilo mpole hulimudu. Mkali anayefungwa mnyororo mchana kutwa huwa hatari kwa jirani, mgeni na hata mtoto wa nyumbani.

Mbwa huishi miaka 10 hadi 15, na miaka yote hiyo atahitaji chakula, chanjo na matibabu. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamwadhibu anayempiga mnyama kikatili au kumtesa kwa njaa. Mwenye mbwa akishindwa kumtunza, amrudishe kituoni alikomtoa. Akimtupa barabarani, chanjo yake itapitwa na wakati, naye atakuwa hatari kwa watoto walewale waliokuwa wakicheza naye.