Kadi Yangu, Ufunguo wa Nani?

Wadau wa Kisauni, Likoni na Changamwe, leo tupige historia kidogo. Wengi wetu tunacheza gemu na kuediti video kwenye zile kompyuta za ofisi za mtumba, HP ama Dell, halafu tunachomeka GTX 1050 Ti kwa sababu nyingi hazidai waya wa ziada wa stima. Kwa Windows, kuovakloki ni kushusha programu na kuvuta mstari. Weka Linux sasa, ndo utajua kadi ina mwenyewe mwingine.

Mwaka 2014 draiva ya NVIDIA ya Linux, namba 337, ilikubali tuongeze mwendo, bora uandike Coolbits kwenye faili la mipangilio. Sawa. Lakini draiva yenyewe ilikuwa imefungwa, huoni ndani. Kulikuwa na Nouveau, draiva huria iliyoandikwa na watu kwa kuchunguza tu vile kadi inafanya kazi. Walikuwa wanajikokota, mpaka GTX 900 zikatoka mwaka huohuo. Kuanzia hapo kadi inadai programu ndogo yenye sahihi ya NVIDIA ndo ikubali kubadili mwendo. Bila sahihi inabaki na mwendo ulioamka nao, chini kabisa. Yaani sahau kuovakloki, hata spidi ya kawaida hupati! Linus Torvalds alikuwa ashawaonyesha kidole 2012 huko Finland, na mimi simlaumu.

Mei 2022 NVIDIA wakafungua sehemu ya draiva, watu wakashangilia. Soma vizuri lakini: ni kadi za Turing kwenda juu. 1050 Ti yetu? Feri imeiacha Likoni.

AMD walishika njia nyingine. 2007 walitangaza watatoa nyaraka za kadi zao hadharani, na 2018 kerneli 4.17 ikaja na faili linaloitwa pp_od_clk_voltage. Unaongeza amdgpu.ppfeaturemask=0xffffffff kwenye GRUB, unawasha upya, faili linatokea. Andika namba zako, malizia na herufi c. Mambo yakiharibika, r inarudisha za kiwandani. Hakuna sahihi ya mtu.

Na si lazima uongeze. Na hili joto letu la kaskazi, RX 580 yangu naipunguzia volti kupitia faili lilelile, na feni haipigi kelele tena kama matatu ya Bamburi.