Msimu uliomaliza enzi ya Rosenborg nchini Norway

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa hakuna refu lisilokuwa na ncha. Katika soka ya Norway, usemi huo ulitimia Oktoba 29, 2005, siku ambapo klabu ya Vålerenga ya jijini Oslo ilitawazwa mabingwa wa ligi kuu na kukomesha utawala wa Rosenborg uliokuwa umedumu kwa misimu 13 mfululizo.

Rosenborg, yenye makao yake katika mji wa Trondheim, ilitwaa ubingwa kila mwaka kuanzia 1992 hadi 2004. Sehemu kubwa ya ufanisi huo iliongozwa na kocha Nils Arne Eggen, ambaye vijana wake walizoea hata kuwatoa jasho vigogo wa bara Ulaya. Mnamo Desemba 1996 waliwalaza AC Milan 2-1 katika uwanja wao wa San Siro na kuwabandua kwenye Ligi ya Mabingwa. Wapo vijana wa Norway waliofika umri wa kubaleghe bila kushuhudia klabu nyingine ikinyanyua kombe la ligi.

Hata hivyo, dalili za mvua zilikuwa mawingu. Msimu wa 2004, Rosenborg na Vålerenga zilimaliza zikiwa na alama 48 kila moja, na tofauti ya mabao 18 kila moja. Ilibidi mshindi aamuliwe kwa idadi ya mabao yaliyofungwa. Rosenborg ilikuwa imecheka na wavu mara 52, Vålerenga mara 40. Kombe likarejea Trondheim.

Wakati huo ligi hiyo, iliyojulikana kama Tippeligaen kutokana na mdhamini wake, kampuni ya bahati nasibu ya Norsk Tipping, ilishirikisha klabu 14. Kila timu ilisakata mechi 26, nyumbani na ugenini. Kwa sababu ya baridi kali na theluji, msimu wa Norway huanza majira ya kuchipua na kumalizika kabla ya mwaka kuisha, tofauti na ligi nyingi za Ulaya.

Vålerenga ilinolewa na Kjetil Rekdal, kiungo wa zamani wa timu ya taifa ambaye jina lake halitasahaulika nchini humo: ndiye aliyefunga penalti iliyoipa Norway ushindi wa 2-1 dhidi ya Brazil katika fainali za Kombe la Dunia za 1998. Klabu hiyo ya mtaa wa mashariki mwa Oslo ilikuwa imepitia mengi. Ilishushwa ngazi 2000, ikapanda tena 2001, kisha 2003 ikaponea chupuchupu kwa kushinda mechi za mchujo. Ubingwa wake wa mwisho ulikuwa wa 1984.

Rosenborg nayo ilijikwaa tangu mapema mwaka 2005. Katikati ya msimu, kocha Per Joar Hansen alipigwa kalamu na nafasi yake kutwaliwa na Per-Mathias Høgmo. Ajabu ni kwamba katika msimu huo huo wa vuli, klabu hiyo ilikuwa ikimenyana na Real Madrid, Lyon na Olympiacos kwenye Ligi ya Mabingwa, ilhali nyumbani ilikuwa ikihangaika katika nusu ya chini ya jedwali. Ilimaliza ya saba kwa alama 34.

Tishio kuu kwa Vålerenga likawa Start, klabu ya mji wa Kristiansand iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Kufikia siku ya mwisho, timu hizo mbili zilikuwa na alama 45 kila moja, lakini Start ilikuwa kileleni kwa wingi wa mabao. Ilikuwa ikiwaalika Fredrikstad nyumbani, huku Vålerenga ikisafiri hadi Skien kuvaana na Odd Grenland.

Vålerenga ililazimishwa sare ya 2-2 na hivyo kuacha mlango wazi. Lakini Start haikuingia. Mbele ya mashabiki wake ilicharazwa 3-1. Sare pekee ingaliwatosha. Jedwali likafungwa Vålerenga ikiwa na alama 46, Start 45, na Lyn, klabu nyingine ya Oslo, ya tatu kwa alama 44. Alama mbili tu zilizitenganisha timu tatu za kwanza.

Lyn ilikumbukwa pia kwa sababu nyingine. Mchezaji wake chipukizi kutoka Nigeria, John Obi Mikel, alizua mvutano mkubwa mwezi Aprili mwaka huo Manchester United ilipotangaza kumsajili, nayo Chelsea ikidai kuwa ilikuwa na haki naye. Mzozo huo ulitatuliwa mwaka 2006 kwa Chelsea kulipa pauni milioni 12 kwa United na milioni 4 kwa Lyn.

Mkiani, Aalesund na Bodø/Glimt zilishushwa ngazi. Molde ilijinusuru katika mchujo dhidi ya Moss, na katika mwaka huo huo wa dhiki ikanyakua Kombe la Norway kwa kuizima Lillestrøm katika fainali.

Miaka iliyofuata ilidhihirisha kuwa katika kandanda hakuna cheo cha kudumu. Rosenborg ilirejea kileleni 2006. Start ilishushwa 2007, nayo Lyn ikafilisika 2010. Vålerenga haikuwa imetwaa tena taji la ligi kufikia mwisho wa msimu wa 2024, na mwaka mmoja kabla ilikuwa imeteremshwa daraja. Kwa upande mwingine, Bodø/Glimt, iliyoaga ligi kuu 2005 ikiwa ya mwisho, ilitawazwa mabingwa 2020, 2021, 2023 na 2024, na 2025 ikafika nusu fainali ya Ligi ya Uropa. Aliyekuwa mkiani mwaka ule ndiye aliyekuja kurithi kiti cha mfalme.