Goti la Rubafu na Jicho la Kamera: Historia ya Ishara na Mipaka ya Utambuzi wa Mashine

Katika vijiji vya Rubafu, kaskazini mwa mji wa Bukoba, mwanamke anayemsalimu mkubwa wake kwa desturi hupiga goti. Asiyeijua historia ya Buhaya huona hapo adabu tu. Katika tawala za Wahaya, Bugabo ikiwemo, goti lilipigwa mbele ya Mukama. Wamisionari wa Kikatoliki walipofungua kituo cha Kashozi mwaka 1892, goti lilelile lilielekezwa altareni. Utawala wa machifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963, baraza la Mukama lilipoteza nguvu yake, lakini goti lilibaki nyumbani na kanisani. Hivyo umbo moja la mwili limebeba utii wa kisiasa, ibada na heshima ya kifamilia, na mtazamaji huzitenganisha maana hizo kwa kujua nani yuko mbele ya nani.

Ujuzi huo haumo katika vipimo vya mashine. Kifaa cha Kinect cha Microsoft, kilichoingia sokoni mwaka 2010, kilifuatilia viungo 20 vya mwili. Programu ya MediaPipe ya Google, ya mwaka 2019, huweka nukta 21 katika kila mkono. Kwa nukta peke yake, anayeamkia, anayesali na anayeanua kahawa mkekani (kazi ya kila msimu huko) huweza kuonekana wamekunja goti kwa namna moja.

Kasoro hiyo huwa nzito zaidi kwa viziwi. Tangu shule ya Tabora ilipoanzishwa mwaka 1963, alama zilizotumika shuleni hazikuwa za aina moja nchini, na kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania ya H. R. T. Muzale (2004) ni miongoni mwa juhudi za kuzikusanya. Programu iliyofunzwa kwa alama za Marekani itaihesabu alama halali ya Kagera kuwa kosa. Aidha, katika lugha za alama uso ni sehemu ya sarufi: nyusi zikiinuliwa, kauli huweza kuwa swali. Programu inayopima mikono pekee itampelekea daktari maelezo, ilhali mgonjwa kiziwi aliyeko mbele yake ameuliza na anasubiri jibu.